Kombe Namba Kumi na Saba

Ukimpelekea Elieth Ndahani jiwe uliloliokota shambani, ukitarajia akuambie umeokota maajabu, jiandae kuumbuka. Atalipokea kwa mikono miwili, atalisogeza kwenye mwanga wa baraza lake pale Nzuguni, ataligeuza, wakati mwingine atalilamba, kisha atakurudishia na kukuambia kuwa hilo ni kokoto, na kwamba kokoto za aina hiyo zimejaa hadi mlangoni kwake, kwa hiyo ungeinama pale getini ukaokoa nauli. Hacheki anaposema hivyo. Chai utapewa, lakini faraja hutapata.

Sasa mpelekee kombe. Nimesema kombe, na najua wapo watakaodhani nazungumzia mpira. Nazungumzia yule mnyama laini wa majini anayejifungia ndani ya magamba mawili yaliyoshikana kwa bawaba. Bahari hatuna sisi wa Dodoma, na mito yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia za mchanga tu. Lakini yapo makombe yaliyokufa zamani mno, wakati maji yalipokuwa yametuama mahali ambapo leo mbuzi hutafuta kivuli wasikipate, na magamba yake yamegeuka jiwe. Wataalamu huyaita visukuku. Elieth huyaita wenyeji, kwa sababu anasema yalikuwa hapa kabla ya Wagogo na ng'ombe wao, kabla ya Warangi na vilima vyao, na kabla ya serikali na majengo yake ya vioo. Ukimpelekea mwenyeji, Elieth ataisahau chai, atatafuta kalamu na kukuuliza jina lako.

Chuo hakwenda. Alizaliwa upande wa Mvumi, akamaliza kidato cha nne, akaajiriwa kufagia na kufuta vumbi katika chumba cha sampuli cha ofisi moja ya serikali. Mwaka wake wa tatu pale paa lilivuja masika yote, maji yakaingia kwenye makabati, na karatasi za majina zikageuka uji. Magamba mia mbili na zaidi yalibaki yamechanganyika, bila jina wala mahali yalikotoka. Wakubwa walisema yamwagwe. Elieth aliomba aachiwe. Kila siku baada ya kumaliza kufagia, alikaa sakafuni akijaribu gamba moja baada ya jingine, kwa kuwa aligundua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: bawaba ya kila kombe ina meno yake, na gamba la kushoto la kombe moja haliwezi kufunga sawasawa na gamba la kulia la kombe jingine. Ilimchukua miezi tisa. Alipomaliza, magamba yote yaliyokuwa na wenzake yalikuwa yamerudiana. Wakampa koti jeupe na cheo cha mtunza sampuli, na ufagio ukapata mtu mwingine.

Alikaa na koti hilo miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu aliomba kitu kimoja tu, nacho ni droo ya chini kabisa ya kabati la ukutani, ile isiyofunguka mpaka uipige teke. Humo aliweka makombe yanayoletwa na watu wa kawaida: wachimba visima, akina mama wanaopika chumvi mbugani, dereva mmoja wa lori la kifusi. Kila kombe lilikuwa na kadi. Juu kabisa ya kadi, kabla ya jina la kombe, kabla ya mahali na kina, Elieth aliandika jina la aliyeliokota. Alishaambiwa mara nyingi kwamba utaratibu haupo hivyo, kwamba jina la mwokotaji huja mwisho kama kuna nafasi. Alijibu kwamba nafasi ipo, ipo juu.

Kadi zilikuwa zimefika arobaini na moja siku alipopigiwa simu.

Aliyepiga ni Dkt. Munira, mkuu wa chumba cha sampuli. Huyu Munira miaka kumi na mbili nyuma alikuja pale kufanya mazoezi ya chuo, hajui gamba la kulia wala la kushoto, na Elieth ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha. Sasa ni daktari kwa kusoma, ana ofisi yenye kiyoyozi Mtumba, kwenye mji wa serikali, na Elieth hana kinyongo naye hata kidogo. Anampenda, tena sana. Ndiyo maana simu ile ilimuuma. Munira alimweleza kwa sauti ya upole kwamba chumba cha sampuli kinahamia jengo jipya hukohuko Mtumba, kila droo inakaguliwa upya, na kwamba kamati imeona tatizo kwenye droo ya chini. Alimwomba aje Alhamisi kuweka saini. Elieth aliuliza saini ya nini. Munira akasema ya kufuta.

Alhamisi alifika Mtumba saa tatu kasorobo, amevaa gauni lake la kanisani na viatu vinavyombana. Walimpokea vizuri, lazima niseme. Walimpa kiti, chai ya maziwa na chapati mbili. Mezani alikuwapo Munira, na bwana mmoja wa masijala mwenye mafaili, na katikati yao, juu ya kitambaa cheupe, lilikuwapo gamba moja tu. Lilikuwa kubwa la kujaza kiganja, la rangi ya majivu, na ubavuni lilikuwa na namba kumi na saba kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mama, naomba uangalie ukingo wake," Munira alisema.

Elieth aliangalia. Alipoangalia, akakisogeza kikombe cha chai pembeni.

Ukingo wa gamba lile ulikuwa umelika upande mmoja, laini, kwa mteremko mrefu unaoteleza kidoleni. Maji hayali gamba namna ile, wala mchanga. Elieth alijua kinachokula gamba namna ile kwa sababu mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi, na utotoni kazi yake ilikuwa kumshikia gamba la mtoni wakati mama akigeuza chungu kibichi, na kumpa kila alipolihitaji kulainisha tumbo la chungu. Gamba la mfinyanzi angelitambua akiwa amefumba macho. Na hili, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliandikia kadi, ameliita kisukuku kutoka kisima cha Migungani, mita sita chini, lilikuwa gamba la mfinyanzi.

Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ndogo. Alikuwa ameangalia bawaba, kama kawaida yake, akafurahia meno yake yalivyokuwa mazima, akaandika kadi. Ukingo hakuutazama kabisa. Miaka thelathini na mmoja ya kazi, na kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelikemewa.

Munira alieleza hoja ya kamati bila kumkandamiza. Makombe ishirini na tisa kati ya arobaini na moja yalitoka Migungani, na yote yalichimbuliwa na mtu mmoja, mchimba kisima anayeitwa Abeli. Kama hili kubwa kuliko yote ni kifaa cha wafinyanzi, basi pengine yote ni masalia ya wafinyanzi wa zamani, yaliyochukuliwa ziwani kwingine na kutupwa pale, na hakuna ziwa lililowahi kuwepo Migungani. Na kama ya Migungani hayaaminiki, droo nzima haiaminiki. Kisha akasogeza fomu. Ilikuwa imeshajazwa kwa kompyuta. Palipoandikwa chanzo cha kosa, pamejazwa maneno manne: wakusanyaji wasio na mafunzo.

"Tumeandika hivyo ili jina lako lisiguswe," bwana wa masijala alisema, akidhani anampa zawadi.

Mpaka hapo Elieth alikuwa tayari kusaini. Mimi ninayesimulia najua hivyo kwa kuwa amekiri mwenyewe: kalamu ilikuwa mkononi. Lakini maneno yale manne yalimwasha. Aliwaona wale watu wake mmoja mmoja, Abeli akitoka shimoni na udongo mpaka kwenye kope, yule mama wa chumvi aliyelifunga kombe lake kwenye kipande cha khanga na kutembea nalo siku mbili, yule dereva aliyesimamisha lori zima katikati ya barabara akateremka. Hawa ndio walikuwa wanafutwa, na tena wanafutwa kwa kutupiwa kosa lake yeye. Akaiweka kalamu chini.

Alimwambia Munira kwamba gamba lile limelika, hilo hakatai, na amekosea, hilo nalo hakatai. Lakini hatasaini mpaka ajue limelika lini na kwa mkono wa nani. Munira alimwambia, kwa upole uleule, kwamba hayo hayawezi kujulikana. Elieth akainua gamba tena, akalifanya kama analainishia chungu, kwanza kwa mkono wa kulia. Halikukaa. Akalihamishia kushoto. Likakaa.

"Aliyelitumia ni mtu wa shoto," alisema. "Nipe mpaka Jumatano."

Munira alitazama kalenda, akatazama viatu vya mama yule vilivyokuwa vinamuumiza, akampa mpaka Jumatano.

Jumamosi asubuhi Elieth alipanda basi hadi Bahi, akachukua bodaboda mpaka Migungani, akafika ana vumbi la kutosha kuotesha mtama. Abeli alimpokea kwa heshima zote, akamletea kigoda na maji. Lakini alipoulizwa kuhusu kombe namba kumi na saba, mtu huyu ambaye kwa kawaida huongea mpaka visima vinamsikia alikauka. Alisema ni la kisimani. Aliulizwa tena, akasema ni la kisimani. Aliulizwa nani mwingine alilishika, akageuza uso na kutazama zizi kana kwamba mbuzi ndio walioulizwa. Elieth alikasirika. Alimwambia kuwa amesafiri kutwa, kwamba jina la Abeli mwenyewe linataka kufutwa pamoja na kazi yake, na kwamba akikaa kimya atakuwa amewasaidia wanaomfuta. Abeli aliinamisha kichwa na kusema neno moja tu, kwamba kuna mambo hayamo mdomoni mwake.

Mkewe, Gladness, alisikia hayo akiwa jikoni. Alimshika Elieth mkono, akamwongoza nyuma ya maboma, hatua kama mia hivi, hadi kwenye kibanda cha mama yake mzazi, Bi. Raheli. Na pale, chini ya paa la nyasi, kati ya vyungu kumi na viwili vibichi, bibi mmoja mwembamba alikuwa amekaa akilainisha shingo ya chungu kwa kipande cha kopo la plastiki. Alikuwa analainisha kwa mkono wa kushoto.

Elieth alimwamkia shikamoo, kisha akakaa chini kwenye udongo na gauni lake.

Sasa mambo yakafunguka, na yalifunguliwa na Gladness, kwa kuwa yeye ndiye peke yake aliyeweza kuzungumza juu ya pande zote mbili. Abeli alichimba kile kisima kwa ajili ya ukweni. Wiki tatu za kuchimba, mama mkwe ndiye aliyempikia, chakula kikipelekwa na Gladness, maana mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe wake na hasogei karibu na jiko lake. Na Abeli ana desturi yake ya kazi, ambayo wachimbaji wenzake humcheka kwayo: kitu cha kwanza kutoka kisimani, kiwe mzizi au jiwe zuri, humpa anayempikia. Safari hii kisima kilitoa gamba moja kubwa la kombe. Akalituma kwa mama mkwe kama shukrani. Bi. Raheli, ambaye gamba lake la kulainishia lilikuwa limevunjika siku nyingi, akaona mkwewe ana akili kuliko alivyodhani, akaanza kulitumia.

Alilitumia mwaka mzima. Kisima kilipoongezwa kina mwaka uliofuata, makombe mengine yakatoka na Elieth akaanza kuja kuyaandika, ndipo Gladness alipoona haya kwamba mgeni amesafiri kutoka mjini kuja kuona makombe wakati lililo zuri kuliko yote limo kwenye kikapu cha ufinyanzi cha mama yake. Akalichukua, akalisugua kwa majivu mpaka likatakata, akaliweka pamoja na mengine. Abeli alilitambua papo hapo. Lakini angesema nini? Zawadi aliyompa mama mkwe hawezi kuidai, hawezi kuitaja mbele ya wageni, hawezi hata kuuliza imefikaje pale. Kwao kufanya hivyo ni kumvua mama mkwe nguo hadharani. Kwa hiyo alinyamaza, Elieth akaandika, na kosa likapata kadi.

"Ulipolipata lilikuwaje, mama?" Elieth alimuuliza Bi. Raheli.

"Baya," bibi alijibu. "Lilikuwa na ukoko mgumu mweupe kila mahali, hata ukingoni. Lilikuwa linakwaruza vyungu vyangu. Mwezi mzima nililisugua kwenye jiwe na kwenye udongo mpaka ukoko wa ukingoni ukakatika, ndipo likawa chombo."

Elieth alimwomba arudie. Bibi akarudia, akishangaa mtu mzima anauliza kitu kilekile mara mbili. Kisha bibi akauliza lake, ambalo ndilo lililokuwa linamkera tangu zamani: gamba lake atarudishiwa lini, maana kopo la plastiki halifai, na vyungu vya msimu huu vimemtia aibu sokoni.

Nadhani unaona Elieth alichokiona. Ule ukoko ni chokaa ya chini ya ardhi, inayojijenga juu ya gamba polepole mno, kwa muda ambao hakuna ukoo unaoweza kuuhesabu. Kama gamba lililika mikononi mwa mfinyanzi wa kale, kisha likatupwa na kufukiwa, ukoko ungepita juu ya sehemu iliyolika na kuifunika. Lakini kama lilitoka ardhini likiwa na ukoko wake, kisha likalika mikononi mwa Bi. Raheli, basi sehemu iliyolika ingekuwa imekata gamba na ukoko vyote pamoja, kama unavyokata mkate na ganda lake. Jambo hilo lingeonekana kwa lenzi ya mkononi. Tatizo ni kwamba Elieth hakuwa ameliangalia kwa lenzi. Alipolishika Alhamisi macho yake yalikuwa yamejaa aibu, na gamba lilikuwa Mtumba, kabatini. Angeweza kumpigia Munira na kumwomba aangalie. Hakupiga. Alitaka wawepo wote.

Jumatano, baada ya Elieth kulala kwao usiku nne, waliondoka Migungani alfajiri kwa pikapu ya kupeleka mchele mjini. Bi. Raheli alikaa mbele pamoja na dereva na Elieth. Abeli alikaa nyuma juu ya magunia, amejigeuza kutazama walikotoka, ili asije akamwona mama mkwe hata kisogo. Gladness alikaa katikati yao kwa maana halisi, mgongo umeegemea kioo, kazi yake ikiwa kupokea maneno ya mbele na kuyapeleka nyuma. Safari ya namna hiyo Mtumba haijawahi kuipokea. Mlinzi wa getini aliwauliza wamekuja kwa ajili ya nani, na Bi. Raheli akajibu kwamba amekuja kuchukua gamba lake.

Ndani, bwana wa masijala alisema kikao ni cha mtu mmoja. Elieth alisema sawa, basi yeye ndiye atakayesubiri nje na hawa wataingia, kwa kuwa wao ndio wanaofutwa. Munira aliagiza viti. Abeli alisimama nyuma ya kabati la mafaili kwa heshima, anasikia bila kuonekana.

Elieth hakukaa. Alianza na kosa lake, kwa sauti inayosikika hadi koridoni: kwamba namba kumi na saba aliiandika kama kombe lisiloguswa na mtu, na halikuwa hivyo. Kisha akaeleza yote, kisima, zawadi, kikapu, majivu. Alipofika kwenye ukimya wa Abeli, Munira, ambaye kwao ni Kondoa na ana wakwe zake, alitikisa kichwa kidogo na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Bwana wa masijala alisema hiyo ni hadithi nzuri, lakini hadithi si ushahidi. Elieth akamkubalia. Akatoa lenzi kwenye mkoba, akaiweka mezani mbele ya Munira, na akarudi nyuma hatua mbili, asije akaambiwa amegusa kitu.

Alimwambia ataje anachokiona ukingoni, pale palipolika: ukoko umepita juu au umekatwa. Mikono aliiweka nyuma. Kama ukoko umepita juu, basi Bi. Raheli amechanganya magamba, kamati ina haki, na yeye amewaburuza watu hawa njia yote hii kuja kufutwa mbele ya macho yao.

Munira aliinama. Aligeuza gamba, akaligeuza tena, akalipeleka dirishani. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na hakumtazama Elieth bali Bi. Raheli.

"Umekatwa," alisema. "Gamba na ukoko vimelika pamoja. Lilikuwa jiwe kabla ya mama huyu kulishika."

Elieth aliliendea kabati lake la zamani, ambalo lilikuwa limeshahamishiwa pale ukutani, akafungua droo ya chini kwa teke, teke ambalo alikuwa amelihifadhi tangu Alhamisi. Alitoa makombe kumi na moja kati ya yale ya Migungani, akayapanga mezani. Yote yalikuwa yamefunga, magamba mawili mawili, na tope lililogeuka jiwe likiwa limejaa ndani. Aliuliza kama kuna mtu pale anayemfahamu mfinyanzi anayelainisha chungu kwa kombe lililofunga mdomo. Bi. Raheli alicheka mpaka akashika mbavu. Munira alisema ni wazi yamekufa palepale yalipoishi, na kwamba alipaswa kuifungua droo nzima badala ya kupima gamba moja. Alisema hivyo mbele ya wote, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi, na Elieth alijivunia kumfundisha.

Droo ikabaki. Bi. Raheli alikubali kwamba gamba lake likae Mtumba, kwa sharti kwamba apewe jingine, na Munira akamchagulia nusu kombe kutoka kwenye rundo la yale yasiyo na kumbukumbu za mahali. Bibi alilijaribu kwa mkono wa kushoto, akasema ni dogo lakini litamtosha.

Hapo watu wangeweza kuagana. Lakini bwana wa masijala alikuwa na fomu yake. Kadi namba kumi na saba lazima isahihishwe, alisema, na marekebisho hayapiti bila chanzo cha kosa. Hakuwa na ubaya, mtu yule, alitaka tu faili lifungwe. Alipendekeza waache palepale palivyojazwa, wakusanyaji wasio na mafunzo, kwa kuwa ni maneno ya kawaida, hayamtaji mtu, na yanamlinda Mama Elieth aliyeitumikia ofisi miaka thelathini na mmoja bila doa. Nyuma ya kabati Abeli alisema kwa sauti ya chini kwamba hana neno, waandike tu. Gladness aliinamisha macho. Walikuwa wamezoea.

Elieth aliivuta fomu. Aliyakata yale maneno manne kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyokuwa akikata makosa ya kadi tangu ujana wake, na juu yake akaandika kwa mwandiko uleule ulioko ubavuni mwa kila kombe: Chanzo cha kosa, Elieth Ndahani, aliangalia bawaba, hakuangalia ukingo. Chini yake akaongeza: Limeokotwa na Abeli. Limetumiwa na Raheli, mfinyanzi. Limesafishwa na Gladness. Wote watatu hawana kosa.

Bwana wa masijala alisoma kichwa chini, kutoka upande wake wa meza, akashtuka. Alimwambia kwamba hiyo ndiyo karatasi itakayobaki kwenye faili lake daima, na kwamba watakaokuja watakapolitafuta jina lake katika ofisi hii, hiyo ndiyo sehemu pekee watakayolikuta, kwa kuwa kwenye kadi zote yeye ameandika majina ya watu wengine.

"Basi watalikuta mahali pa kweli," Elieth alisema. "Kosa ni langu. Hawa hamwachukulii kitu."

Akaisukuma fomu mbele ya Dkt. Munira, akamsogezea na muhuri wa ofisi uliokuwa mezani, na akabaki amesimama pale na viatu vyake vinavyobana. Munira alisoma mara mbili. Kisha akagonga muhuri.